Kanzu Iliyopigwa Pasi Mara Saba

Mtaani Usagara, mjini Tanga, miaka ile ya hamsini, kumuudhi Hatibu Dobi ilikuwa kazi nyepesi. Ulikwenda kuchukua kanzu yako, ukaipokea kwa mikono miwili kama alivyotaka mwenyewe, kisha ukaikunja mbele ya macho yake na kuitia kwapani. Hakukutukana. Alifumba macho tu, kama mtu anayedungwa sindano, na alipoyafumbua ulikuta yameloa. Walikuwapo vijana wa sokoni waliofanya hivyo kwa makusudi, wakaenda kuchekea kona ya pili. Lakini wakifika huko waliikunjua tena ile nguo kwa adabu, maana hata wao walijua kwamba kanzu iliyotoka kwa Hatibu si ya kuchezea.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama kwa kuinamia meza. Kibanda chake cha mbao na mabati kilikuwa mitaa miwili kutoka nyumbani kwake. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la jeshi na shuka la marekani juu yake, pasi mbili za mkaa, karai la kanji ya kukazia nguo, na uani kamba nne za kuanikia. Vibanio vya kamba hizo vilitazama upande mmoja vyote. Mke wake, Semeni, aliwahi kugeuza kimoja kusudi, aone kama kitaonekana. Hatibu alikuwa amekwenda kusali; akarudi, akasimama mlangoni, akasema, "Nani alikuja hapa?"

Ukimwuliza nguo yako iko tayari, alikuwa na jibu lake moja ambalo mji mzima ulilijua.

"Imenyooka," alisema, "lakini haijatulia."

Basi unarudi kesho. Na kesho kutwa. Nguo inangojwa itulie kama mgonjwa wa homa.

Hata ukiipata, hukuwa umeachana naye. Mwalimu Manase, Mlutheri mmoja aliyesomesha watoto mjini, alikwenda kuchukua suti yake ya kuvaa Pasaka, na Hatibu akawa bado ameishika, hataki kuiachia.

"Mwalimu, huko kanisani mnakalia nini?"

"Mabenchi."

"Yana mgongo?"

"Yana mgongo, Bwana Hatibu. Kwa nini?"

Hatibu akafikiri. "Basi usiegemee."

Mwalimu Manase alikuwa mtu mpole. Akakaa wima ibada nzima, saa mbili na robo, na mchungaji akamsifu mbele ya watu kwa jinsi alivyolisikiliza neno.

Jambo moja zaidi lifahamike. Madobi wengi wa siku zile walikuwa na tabia ya kuvaa nguo za wateja wao. Ukiona dobi amependeza siku ya Ijumaa, ulitazama vizuri kama ile si kanzu yako. Hatibu hakufanya hivyo hata mara moja. Nguo ya mtu kwake ilikuwa amana. Yeye mwenyewe alishinda na fulana iliyotoboka na shuka kiunoni, imekunjamana kama jani la mgomba lililokauka, kwa sababu saa zote za kunyoosha zilikwisha kwenye nguo za wengine.

Ugonjwa huo, kama ni ugonjwa, aliupata ujanani. Alizaliwa Tongoni, na alipokuwa na miaka kama ishirini akaenda kutafuta kazi kwenye shamba moja la katani upande wa Maramba. Kwa bahati hakupelekwa kukata mkonge. Alipelekwa nyumbani kwa meneja, Mzungu mwenye mke, akawekwa chini ya mtu aitwaye Laurenti, Mkatoliki wa Gare, Msambaa mwenye maneno machache, ambaye ndiye aliyefua na kunyoosha nguo za nyumba ile.

Laurenti hakufundisha kwa mdomo. Hatibu alimaliza shati, akampelekea. Laurenti alipitisha kidole gumba juu ya kola, polepole, kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Kisha akalitumbukiza shati kwenye karai la maji. Hakusema kosa liko wapi. Hatibu akaanza upya. Hivyo kwa miezi tisa. Mwezi wa kumi, Jumanne moja, kidole kilipita, kikarudi, na shati halikwenda majini. Laurenti akalitundika.

"Haya," akasema.

Ni hilo tu. Lakini Hatibu aliliweka neno lile moyoni kama watu wengine wanavyoweka siku waliyopata mtoto wa kwanza. Alitoka kule, akaja mjini, akafungua kibanda baada ya Vita vya Pili, na kila nguo aliyoishika aliipitishia kidole gumba namna ile ile, akasubiri kusikia "haya" ndani ya kichwa chake. Mara nyingi hakuisikia. Basi shati lilirudi majini.

Wewe mteja ungeweza kucheka. Aliyeshindwa kucheka alikuwa Mboni.

Mboni alikuwa mtoto wao wa pekee, na tangu mdogo alipenda kibanda kile, harufu ya kanji na mkaa, na baba yake anavyojaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo yakatua kama umande. Alipofika miaka kumi na miwili akaomba afundishwe. Hatibu akafurahi, akampa pasi ndogo na vitambaa vya mkononi. Mboni alinyoosha kitambaa, akakiweka mbele ya baba. Hatibu akapitisha kidole gumba. Kisha, bila kusema neno, akakichukua na kukinyoosha upya yeye mwenyewe.

Hakukitia majini. Hilo aliliona ni huruma kubwa. Alijiona baba mpole kupita kiasi.

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Vitambaa, foronya, kanga, mpaka mashati. Mboni ananyoosha, baba ananyoosha tena palepale. Siku moja msichana akaiweka pasi juu ya kigae chake, akaifungua ili mkaa upoe, akasema bila hasira, "Baba, ukinyoosha wewe inanyooshwa mara moja. Nikinyoosha mimi inanyooshwa mara mbili. Mkaa unapotea bure." Akaenda nyumbani kumsaidia mama yake kupika, na hakurudi kibandani. Hatibu alidhani mtoto amechoka na joto.

Semeni alijua zaidi. Lakini Semeni alikuwa mke wa Hatibu kwa miaka mingi, na alikuwa amejifunza kuchagua siku ya kusema.

Mwaka wa hamsini na sita Mboni akachumbiwa. Bwana harusi alikuwa Haji, karani wa bandarini, kijana wa watu, mcheshi, ambaye Hatibu alimwona na dosari moja tu: alikuwa akitia mikono mifukoni, na mifuko ya suruali yake ilikuwa imetutumka. Semeni alimwambia kwamba kwa hilo hawezi kumnyima mtu mke. Nikaha ikapangwa iwe Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, barazani kwa baba wa bibi harusi.

Wiki ile Hatibu alifanya kazi kama mtu anayetoroka maji. Kila mwalikwa alitaka kanzu yake. Akazimaliza zote, na ajabu, zote zikatulia. Jumatano asubuhi kibanda kilikuwa cheupe, kamba ziko tupu. Iliyobaki ilikuwa nguo moja tu: kanzu yake mwenyewe ya harusi, mpya, nyeupe, yenye kaba ya hariri shingoni, aliyoshonewa kwa ajili ya siku ile. Kanzu yake ya zamani alimwazima binamu kutoka Tongoni aliyekuja na nguo za safari tu.

Jumatano hiyo hiyo akafika mgeni ambaye Hatibu alimwalika kwa barua na hakuamini kama angekuja. Basi la kutoka Maramba lilimshusha Mzee Laurenti, na mkungu wa ndizi begani.

Alikuwa amezeeka. Nywele zimekuwa nyeupe, meno mawili ya mbele yameondoka, na, jambo lililomshtua Hatibu kuliko yote, koti lake lilikuwa limefungwa vifungo upande upande, cha kwanza kwenye tundu la pili na kuendelea hivyo mpaka chini.

"Shikamoo, Mzee Laurenti."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Hamna samaki mji huu?"

Hatibu hakumpeleka nyumbani kwanza. Alimpeleka kibandani. Mkungu wa ndizi ukawekwa chini, na yeye akaishusha ile kanzu mpya kwenye msumari, ambayo alikwisha kuipiga pasi mara mbili, akaitandika mezani mbele ya mzee. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, baba wa bibi harusi, na alikingoja kile kidole kama kijana wa miaka ishirini.

Laurenti aliitazama. "Nzuri," akasema. Akageuka kutafuta mahali pa kukaa.

"Mzee, hukuipitisha kidole."

"Kidole gani?"

"Kidole gumba. Kwenye kaba. Kama zamani."

Laurenti akacheka, akaonyesha lile pengo la meno. "We Hatibu! Yale bado unayakumbuka? Nilikuwa naogopa, mwanangu. Yule memsabu, mke wa meneja, alikuwa anaweza kukufukuza kwa mkunjo mmoja, nami nina watoto sita huko Gare. Kila shati lililotoka mkononi mwako nililiona linanifukuza kazi. Saa nyingine shati lilikuwa zuri tu, nalitia majini ili mikono yangu itulie."

"Lilikuwa zuri?"

"Mengi yalikuwa mazuri." Akaketi juu ya gunia la makaa, akanyoosha miguu. "Tangu nilipoacha kazi ile sijashika pasi. Mke wangu Benedikta anafua, anaanika juu ya kichaka, navaa. Sasa niambie, samaki wapo au hawapo?"

Hatibu alimpeleka kwa Semeni akale samaki. Alisema anarudi mara moja. Lakini alirudi kibandani, akasimama mbele ya ile kanzu, na kichwa chake kikawa kama nyumba iliyohamwa. Miaka mingi kiasi kile alikuwa akinyoosha nguo za mji mzima kwa ajili ya kidole cha mtu aliyekuwa akiogopa. Mtu mwingine angecheka na kwenda kula. Hatibu alichukua pasi, akatia mkaa mpya, akainyoosha kanzu mara ya tatu. Alijiambia kwamba Laurenti amezeeka, haoni vizuri.

Alhamisi asubuhi akainyoosha mara ya nne. Kabla ya adhuhuri, mara ya tano. Kila mara ilinyooka, na kila mara alipopitisha kidole hakusikia lolote kichwani. Si "haya", si kitu. Mara ya sita ilikuwa baada ya chakula ambacho hakukila.

Asubuhi hiyo hiyo Sadalla muuza nyama, mtu mnene mwenye moyo mkunjufu, alikuwa amepita kibandani na kutupa kanzu yake chafu juu ya kapu. Alisema haina haraka, harusi ya leo atavaa nyingine. Hatibu hakuitazama mara mbili.

Sala ya alasiri ikasaliwa. Barazani kwa Hatibu mikeka ilijaa. Bwana harusi amekwisha kufika na watu wake, maalimu wa kufungisha nikaha amekaa mahali pake, ubani unafuka, mashahidi wapo, Mzee Laurenti amekaa kwenye kiti pembeni anakula tende. Aliyekosekana alikuwa baba. Wakangoja. Maalimu akatoa saa mfukoni, akairudisha, akaitoa tena.

Ndani, Semeni alimtazama wifi yake, Sabiha, dada mkubwa wa Hatibu aliyetoka Tongoni siku mbili nyuma. Sabiha hakuambiwa kitu. Alichukua mwavuli, akajitanda buibui, akatokea mlango wa uani.

Alimkuta mdogo wake amejifungia. Akagonga mbao kwa ncha ya mwavuli.

"Hatibu!"

"Naja, dada. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Tumesalimiana asubuhi! Watu wamekaa barazani mpaka miguu imekufa ganzi. Maalimu anasema kama baba hapatikani atafutwe wakala. Umesikia, mwana wa mama? Wakala! Baba yu hai, mzima, yuko kibandani anapiga pasi, na mtoto wake aozwe na mtu mwingine!"

"Imenyooka, dada," sauti ilitoka ndani, nyembamba, "lakini haijatulia."

"Itulie wapi? Inataka kulala?"

Hatibu alikuwa katikati ya mara ya saba. Alikuwa amefika kifuani, chini kidogo ya kaba, na alikuwa ameona, au amedhani ameona, mkunjo mwembamba kama unywele. Maneno ya dada yake yalimwingia. Wakala. Akamwona mtu mwingine amekaa mbele ya maalimu, ameshika mkono wa Haji, anasema maneno yaliyokuwa yake. Akasimama akiwaza hilo, mkono umetulia.

Pasi nayo ilitulia.

Harufu ndiyo iliyomwamsha. Alipoinyanyua, pale kifuani palikuwa na alama ya hudhurungi, umbo kamili la pasi, ncha imeelekea juu kwenye kaba. Na tuseme kweli, kwa kuwa hata katika msiba ule Hatibu alikuwa fundi: alama ilikaa katikati barabara, haikupinda kushoto wala kulia.

Alifungua mlango. Sabiha akaingia, akaiona kanzu, akamwona ndugu yake. Alikuwa amekuja na matusi mengine ya akiba, lakini aliyameza.

"Una nyingine?"

"Amevaa binamu."

"Za wateja?"

"Nimezirudisha zote. Na hata zingekuwapo, dada, mimi sivai nguo ya mtu."

Sabiha alizungusha macho kibandani. Yakatua juu ya kapu. Aliinua kwa ncha ya mwavuli ile kanzu ya Sadalla, kubwa kama tanga, imekunjamana kwa kukaliwa, na kifuani ina doa la mchuzi wa bizari lenye upana wa kiganja.

"Hiyo chafu!" Hatibu akasema, na kweli alirudi nyuma hatua moja.

"Ina najisi?"

"Mchuzi."

"Mchuzi si najisi. Vaa."

"Dada, watu wataniona."

"Wamekaa saa nzima wanataka kukuona. Vaa!"

Akavaa. Hakuna mtu aliyehesabu hatua zake kutoka kibandani mpaka nyumbani, lakini yeye alihisi mitaa ile miwili imekuwa sita. Mikono ya kanzu ilimfunika vidole. Mabega yake membamba yalipotelea ndani. Upepo uliingia chini ukaijaza ile nguo, naye akawa anaibana kwa viwiko. Mbele yake dada yake alitembea na mwavuli kama askari anayesindikiza mtu kortini.

Barazani watu waligeuka. Mji mzima ule aliokuwa ameunyoosha, mweupe pe, kanzu ishirini na zaidi zisizo na mkunjo, ulimtazama. Na katikati ya weupe ule akaketi Hatibu Dobi, na doa la bizari kifuani.

Sadalla alikuwa safu ya pili. Aliitambua nguo yake mara moja. Aliinama kidogo mpaka sikioni mwa Hatibu.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "doa hilo nililipata harusi ya Pangani. Nilikuletea ulitoe. Sikukwambia ulitembeze."

Hatibu alifungua mdomo aombe radhi, na badala ya radhi kikamtoka kicheko. Hakukitaka. Kilikuja kama kikohozi. Sadalla naye akashindwa kujizuia, tumbo likatikisika, kisha bwana harusi, kisha safu nzima, na wa mwisho alikuwa Mwalimu Manase, aliyekuwa amekaa wima mpaka hapo kwa mazoea. Akaegemea ukuta, akacheka mpaka akavua miwani.

"Tuendelee, jamani," maalimu alisema, akifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Kabla ya kuoza, baba huenda kuomba idhini ya binti. Hatibu akainuka na mashahidi wawili, wakaenda mpaka mlango wa chumba. Pazia likasogezwa. Mboni alikaa kitandani amefunikwa, na mama yake pembeni. Hatibu akasafisha koo.

"Mboni binti Hatibu. Nataka kukuoza kwa Haji bin Omari, kwa mahari mliyopatana. Umeridhia?"

Kimya. Kimya kilikuwa desturi, na mashahidi wangelitosheka nacho. Lakini chini ya mtandio mabega yalianza kutikisika. Hatibu akaingiwa na hofu kwamba mtoto analia. Mtandio ukasogea kidogo, jicho moja lenye wanja likatokea, likamtazama kuanzia kwenye kaba iliyoteremka mpaka pindo lililoburuzika chini.

"Nimeridhia, baba," Mboni akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Umependeza."

Mashahidi walisikia. Mmoja alijifanya anatazama dari.

Hatibu alibaki amesimama pale mlangoni muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa akitafuta kumbukumbu, na haikuwa mbali kuitafuta: miaka mitatu ya vitambaa na foronya na mashati, na neno kama hilo hakulisema hata mara moja. Alikuwa na midomo, alikuwa na nafasi. Alitaka kulisema sasa, lakini mashahidi wanangoja.

"Vile vitambaa," akasema, "vilikuwa vizuri."

Mboni akaurudisha mtandio usoni. Semeni ndiye aliyeishika kanga yake na kujifuta uso, na kumwambia mumewe atoke, maalimu anangoja.

Nikaha ikafungwa. Pilau ikaliwa. Mzee Laurenti alikula samaki wa aina tatu, akarudi Maramba Jumamosi, na koti lake limefungwa vilevile. Kanzu ya Sadalla ilifuliwa, doa likatoka, na Sadalla alilalamika kwa marafiki zake kwamba sasa nguo imekuwa ya kawaida, haina habari tena.

Usidhani kwamba Hatibu aligeuka mtu mwingine. Wiki iliyofuata alimrudisha karani mmoja mara tatu kwa sababu ya kifungo. Lakini baada ya mfungo wa Ramadhani wa mwaka uliofuata, Mboni, ambaye mumewe alishinda bandarini na nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu vya kufagia, alikuja kibandani asubuhi moja na kusema anataka kufanya kazi.

"Kwa sharti moja," akasema. "Ninachonyoosha mimi hukigusi."

Hatibu alikubali upesi mno, kama mtu asiyejua anachokubali. Siku ya kwanza alisimama nyuma yake akipumua. Siku ya pili Mboni akamwambia, bila kugeuka, "Baba, nenda kanywe kahawa." Akaenda. Akanywa vikombe vinne, akarudi, na mashati sita yametundikwa. Hayakuwa kama yake. Mboni alitumia kanji kidogo, na nguo zake zilianguka laini, zikafuata mwili wa mtu. Vijana wa bandarini wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini kama shati lao litanyooshwa na baba au na binti, na walipoambiwa baba, walikuna vichwa na kusema hapana haraka, watangoja.

Hilo lilimuuma, na hatusemi halikumuuma. Alikunywa kahawa nyingi mwaka ule. Muuza kahawa alimtengea kigoda chake, na pale Hatibu alisikia habari za mji alizokuwa amezikosa tangu vita, nani kaoa, nani kahama, na siasa za vijana. Akagundua kwamba anajua kucheza bao, na kwamba si mzuri sana, na kwamba akifungwa hakuna kinachotokea. Wanapanga kete upya.

Ijumaa moja alichelewa pale kwa muuza kahawa, na alipofika kibandani adhana ilikuwa karibu. Kanzu yake ilikuwa imetundikwa, tayari. Mboni alikuwa ameinyoosha bila kuambiwa, na sasa alikuwa amempa mgongo, anapuliza maji juu ya foronya. Hatibu aliivaa. Alitoka nje, akapiga hatua chache kuelekea msikitini, na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe mpaka shingoni, kidole gumba kimetangulia. Wakati huo huo ng'ambo ya njia Sadalla alimwita kwa jina, akimpungia. Hatibu akautazama mkono wake, akauinua juu zaidi, akampungia naye, wakaenda pamoja.